Aliandikwa RE2: kisa cha mama mkimbizi mmoja na darasa letu la kuzuia ukatili nyumbani

Kuhusu kisa chenyewe

Kisa hiki kilitokea kwenye mji mmoja wa katikati ya Marekani kati ya 2022 na 2023. Mama mwenyewe ameridhia niandike, nimemsomea yote kwa simu, na vipande viwili alivyosema toa nimevitoa. Jina la mji, ofisi, kanisa, kabila lake, idadi ya watoto, vyote nimeondoa au nimegeuza kidogo ili asitambulike. Nitamuita Mama na mumewe nitamuita Baba, basi. RE2 ni alama iliyokuwa kwenye karatasi yake ya kuingilia Marekani, nitaieleza huko mbele. Mimi nilikuwa mwezeshaji wa darasa, nimekulia Tanga, Kiswahili changu ni cha pwani, na hilo nalo mtaona huko mbele lilivyotuponza.

Naandika kwa ajili ya dada na kaka wanaofundisha akina mama wakimbizi, wale wa kujitolea, akina mama wachungaji, makesi meneja (wale wahudumu wanaosimamia familia za wakimbizi wapya) wanaoongea Kiswahili. Tulifanya makosa ambayo si lazima na nyie myarudie.

Mama alikotoka

Amezaliwa Kivu Kusini. Akiwa binti mdogo familia ikavuka Ziwa Tanganyika usiku mpaka Kigoma, wakaishia kambi ya Nyarugusu ambayo imekuwepo toka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita. Amekulia kambini, ameolewa kambini, watoto wote amewazalia kambini. Kwa hiyo mtu akisema "utamaduni wa Kongo" kuhusu huyu mama inabidi nimsahihishe, maisha aliyoyajua ni ya kambi, mgao wa chakula, foleni, kuni za kwenda kutafuta porini kwa hofu, na faili la familia ambalo mkuu wake ni mume.

Hilo faili mlishike akilini. Chakula kinatoka kwa kadi ya familia, intavyuu ya kwenda Amerika inaitwa kwa namba ya familia, na namba ya familia inajulikana kwa jina la Baba. Alipopigwa kambini alienda kwa wazee wa kijiji, mara moja akaenda kwa sungusungu wa kambi, na mara zote yaliisha kwa "rudi nyumbani mama, vumilia, mna watoto". Hakuna aliyemwambia kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inakataza mwenzi kumpa mwenzie adhabu ya kipigo, wazi kabisa, kifungu cha 66. Ameishi chini ya hiyo sheria utu uzima wake wote bila kuijua! Nilipomsomea alinyamaza muda mrefu halafu akauliza, "Ilikuwa inatuhusu na siye wakimbizi?" Ndio, ilikuwa inawahusu.

Walipofika Marekani wakapokelewa kama wengine wote, zile siku 90 za mwanzo za kesi meneja, apatimenti, shule za watoto, kadi za afya. Baba akapata kazi kiwanda cha nyama, shifti ya usiku. Akaunti ya benki ilikuwa moja, ya Baba. Kadi ya chakula, ile ya EBT, ilikaa kwenye waleti ya Baba na namba ya siri kichwani mwake. Mama alipata simu yake mwezi wa nne.

Darasa lilivyokuwa

Jumamosi 8, akina mama 11, chumba cha chini kanisani, watoto wanaangaliwa chumba cha pili, chai na mandazi. Mtaala tulipewa umetafsiriwa kutoka Kiingereza. Somo la kwanza aina za ukatili, na lile gurudumu la nguvu na udhibiti, mchoro wa duara unaoonyesha njia za mpigaji kumtawala mwenzie, lililotengenezwa Duluth, Minnesota miaka ya 80, ambalo kwa kweli ni chombo kizuri, nimelitumia na vikundi vingine likafanya kazi. Pale halikufanya kazi. Nikiuliza "je hii ni ukatili?" wanajibu ndiyo kwa pamoja kama wanafunzi wa chekechea, hakuna anayesema la kwake, wakitoka nje ndio wanaongea. Nilidhani ni aibu. Haikuwa aibu peke yake, walikuwa wananisubiri nifike kwenye kitu walichokuwa wanakiogopa na mimi nilikuwa nazungukia mbali.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ya pili tuligawa kipeperushi. Picha ya mwanamke mwenye jicho limevimba, namba ya simu kubwa chini. Baba alikikuta kwenye mkoba wa Mama. Wiki ya tatu na ya nne Mama hakuja. Tulimpigia simu akapokea Baba, na mwenzangu kwa kutojua akasema "tunatoka darasa la ukatili nyumbani". Hapo tulimuongezea Mama hatari kwa mikono yetu wenyewe. Baadae alituambia kwamba usiku ule hakupigwa ila alinyang'anywa simu siku 6.

Wiki ya tano akarudi, kaletwa na mama mchungaji aliyemwambia Baba ni darasa la familia na sheria za Amerika. Toka siku hiyo darasa tuliliita hivyo hivyo, na halikuwa jina la uongo kwasababu sheria tulifundisha kweli.

Siku hiyo ndio kila kitu kilibadilika. Nilikuwa nafundisha habari ya kutunza vyeti, somo ambalo kwenye mtaala lilikuwa nusu ukurasa, nikasema kila mtu mzima ana haki ya kushika karatasi zake. Mama akanyosha mkono, mara ya kwanza kabisa, akasema: "Bwana yangu anasema mimi niko chini yake ku karatasi. Iko imeandikwa. Nikimushtaki bananirudisha Nyarugusu, mimi peke, batoto wanabakia." Nikamuuliza imeandikwa wapi? Wiki iliyofuata akaja nayo, kaificha ndani ya Biblia. Ilikuwa ile karatasi ya kuingilia nchini, I-94, na pale kwenye aina ya kuingia yake imeandikwa RE2. Ya Baba ilikuwa RE1.

Sasa wale wanaojua watacheka lakini msicheke. RE1 ni mkimbizi ambaye faili lilifunguliwa kwa jina lake, RE2 ni mwenzi wake, RE3 ni mtoto. Ni namba ya kupanga mafaili tu. Kwa Mama, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la tatu, na ambaye maisha yake yote chakula na safari vimetoka kwenye faili la mume, ile 2 ilikuwa ni hukumu, ushahidi wa serikali kwamba yeye ni wa pili. Baba aliitumia miezi 9 hivyo.

Ukweli ni huu, na wiki ile ile tulimuomba mwanasheria wa uhamiaji aje aseme kwa mdomo wake. Mkimbizi aliyekwisha pokelewa Marekani kama RE2 ana hadhi yake mwenyewe. Akiachana na mume baada ya kuingia, hadhi haipotei. Baada ya mwaka mmoja nchini anaomba grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa fomu yake mwenyewe, I-485, ambayo wakati ule mkimbizi halipi ada, na haihitaji saini ya mume. Kuripoti kwamba umepigwa hakukurudishi popote. Mwanasheria akaongeza jambo moja la muhimu kwa wengine: aliyeingia kama mwenzi wa mtu aliyepewa hifadhi akiwa tayari ndani ya Marekani, au aliyekuja kwa ndoa na raia, mambo yake ni tofauti, asijisemee "hata mimi ni hivyo", aende kwa mwanasheria wake kwanza kabla hajachukua hatua.

Akina mama watatu walianza kulia. Yaani wiki tano nimefundisha gurudumu hakuna aliyesema kitu, na hii ya herufi mbili na namba ndio ilifungua midomo.

Wiki ya saba tulifanya mazoezi ya simu. Kila mama asome adresi yake kwa Kiingereza mpaka iwe kama wimbo, kisha aseme neno moja "Swahili", asubiri mkalimani, asikate simu. Tukawapa pia kikadi kidogo kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba naongea Kiswahili, naomba mkalimani. Wasiojua kusoma walikitambua kwa rangi.

Usiku wenyewe

Ilikuwa kama wiki tatu baada ya darasa kuisha. Baba hakuwa na shifti, ugomvi ulianzia kwenye hela ambayo Mama alitaka kumtumia mama yake aliyebaki kambini. Mama alipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, mwenyewe. Adresi aliisema vizuri, "Swahili" akasema, mkalimani akaja kwenye simu, kila kitu kama tulivyofanya mazoezi.

Kilichoharibika ni mlangoni. Maofisa wawili walipofika wakamkuta mtoto wa kiume wa miaka 13 anayeongea Kiingereza safi, wakamuuliza yeye. Mtoto akatafsiri, na akasema wazazi walikuwa wanabishana tu, mama kakasirika. Nani atamlaumu? Amesimama katikati ya baba yake na mama yake, mbele ya bunduki mbili kiunoni, anaulizwa sentensi ambayo ikitoka mdomoni mwake baba anafungwa pingu. Maofisa walikuwa wanaelekea kuondoka. Mama akatoa kile kikadi kwenye kanga, akakishika mbele kwa mikono miwili hakusema neno, na ofisa mmoja akapiga simu ya wakalimani.

Mkalimani wa simu alikuwa Mtanzania kwa lafudhi, Mama alituambia. Mama akasema "alinikamata ku shingo, pumzi ikakatika". Kilichoandikwa kwenye ripoti, tuliyoiona baadae, ni kwamba alimshika shingoni. Basi. Ile pumzi ikapotea njiani.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hili linaua. Kumkaba mtu shingo mpaka pumzi ikatike ni moja ya dalili kubwa kabisa kwamba mwanamke anaweza kuja kuuawa na huyo huyo mtu, watafiti wa Marekani wamelisema miaka mingi, na majimbo mengi yanalihesabu kuwa kosa kubwa zaidi ya kipigo cha kawaida. Mara nyingi halionyeshi alama yoyote kwa nje. Anaweza kuonekana mzima, halafu sauti inakwaruza, anapata shida kumeza, kichwa kinauma, anasahau vitu, na siku kadhaa baadae mshipa wa shingo unaweza kuleta kiharusi. Anatakiwa kufika hospitali hata kama anasema "niko sawa".

Baba alichukuliwa usiku ule. Mama alinipigia saa 10 alfajiri, sauti imekwaruza nikadhani ni kulia.

Maamuzi tuliyofanya, na kwanini

La kwanza, asubuhi dada mwenzangu ambaye ni wa Uvira kule Kongo ndiye aliyeenda kwake, sio mimi. Alimuuliza swali ambalo mimi nisingeliuliza: "Alikukamata shingo namna gani? Nionyeshe kwa mikono kwenye shingo ya huu mto." Alipoona akampeleka emajensi saa hiyo hiyo, daktari akaandika kila kitu, na karatasi ya daktari ndiyo iliyorekebisha ripoti.

La pili, kuomba amri ya ulinzi mahakamani, ile ya kumzuia mpigaji asimkaribie aliyempiga. Mama aliogopa gharama, tukamueleza kwamba mwathirika hatozwi ada ya kuifungua. Alipata ya muda kwanza, kisha tarehe ya kusikilizwa. Tulidai mkalimani wa mahakama siku 4 kabla na tukasisitiza awe wa Kiswahili cha Kongo.

La tatu lilituletea maneno mengi. Wazee wa jumuiya na mchungaji walitaka wakae nao wote wawili wayamalize, na mimi nimelelewa kwenye usuluhishi, nauheshimu. Lakini tulikataa kikao cha pamoja. Aliyekabwa shingo hawezi kuongea kwa uhuru akiwa ameketi na aliyemkaba, atakubali chochote ili kikao kiishe. Pia kulikuwa na amri, na Baba akikanyaga kikao angeivunja, kosa lingine juu ya kosa. Tulimuomba mchungaji amtembelee Baba peke yake na mama mchungaji amsindikize Mama mahakamani. Wakakubali, na naamini hilo lilizuia jumuiya isimtenge Mama kabisa.

La nne. Mama alitaka aende kusema mahakamani kwamba alidanganya. Wengi wangesema "amerudi nyuma". Tulimuuliza sababu, akasema kaambiwa na shemeji yake kwamba Baba atafukuzwa nchini na yeye ndio atakuwa amemuua. Hatukumdanganya. Kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani kunaweza kweli kumfanya aondolewe nchini, ni sheria ya 1996. Tulimueleza pia kwamba kesi ya jinai ni ya serikali, yeye ni shahidi, hawezi kuifuta kama anavyofuta malalamiko kwa wazee, na kusema uongo kwa kiapo kungemuweka yeye pabaya. Na tukamwambia kitu kilichomtuliza, kwamba toka hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 2010 wakili wa mshtakiwa ana wajibu wa kumueleza mteja wake asiye raia madhara ya uhamiaji kabla hajakiri kosa. Mchungaji alimpelekea Baba ujumbe huo, aulize. Wapo wenzangu waliosema kwanini tunamsaidia mpigaji. Mama hakutaka mumewe afukuzwe, alitaka asipigwe tena, na tungepuuza la kwanza tungemkosa kwenye la pili.

Matokeo

Baba alikiri kosa kwa makubaliano na mwendesha mashtaka, akapewa uangalizi na darasa la kubadili tabia la wiki nyingi, pamoja na kukaa mbali na Mama. Watoto anawaona Jumapili mahali penye msimamizi. Hakuondolewa nchini. Mama alikaa shelta, nyumba ya hifadhi ya waliokimbia kipigo, wiki 5, kisha apatimenti ndogo. Kodi ya ile nyumba ya kwanza ilikuwa jina la Baba na mwezi ule haikulipwa, hilo lilituangukia ghafla.

Chakula tuliweza. Kwa sheria za wakati ule, aliyekimbilia shelta kwa ajili ya kipigo aliweza kufunguliwa kadi yake ya chakula hata kama mwezi huo jina lake lilikuwa bado kwenye kadi ya mume. Sisi hatukujua, mfanyakazi wa shelta ndiye alijua. Akaunti ya benki alifungua wiki ya pili, akiwa na miaka thelathini na kitu, ya kwanza maishani. Fomu ya grini kadi alituma mwenyewe mwaka ulipotimia na ilitoka. Anafanya usafi hotelini.

Kilichofanya kazi, na kilichotushinda

Nikiangalia nyuma, somo la karatasi lilipaswa kuwa la kwanza. Nilidhani kazi yangu ni kuwafundisha kwamba kipigo ni kibaya, na walikuwa wanajua kuliko mimi. Hawakuwa wanajua nini kitawapata wakisema, na pengo hilo mume alilijaza kwa uongo kwasababu hakuna mwingine aliyelijaza kwa ukweli. Mwanasheria kuja mwenyewe, kwa dakika 40, alifanya kazi kuliko wiki zangu tano. Sasa darasa linaanza na bahasha: kila mama analeta I-94 yake, tunazisoma herufi kwa herufi, tunapiga picha na nakala inabaki mahali salama nje ya nyumba.

Mazoezi ya simu yalifanya kazi. Ila tulifanya mazoezi ya simu tu, ya mlangoni hatukufanya. Sasa tunaigiza hadi polisi anapoingia, mmoja anacheza ofisa anayemgeukia mtoto na mama anafanya mazoezi ya kutikisa kichwa na kutoa kadi. Na watoto wakubwa tunawaambia, mama akiwepo, kwamba wanaruhusiwa kusema kwa Kiingereza "mimi sitafsiri, piga simu ya mkalimani".

Kipeperushi kile tulikitupa. Namba ya taifa ya msaada, 1-800-799-7233, ambayo ina wakalimani, mama anaihifadhi kwenye simu kwa jina la kliniki ya meno au fundi wa mashine ya kufulia, na sisi tukipiga simu tukapokelewa na mtu mwingine tunauliza habari za mandazi ya Jumamosi.

Kwenye Kiswahili nilijiamini kupita kiasi. Nilikuwa naelewa karibu kila kitu walichosema akina mama, na hiyo "karibu" ndiyo ingemgharimu Mama maisha. Sasa kila mwezeshaji wa pwani anakaa na mwenzie wa Kongo, na tuna orodha ya maneno ya mwili na ya maumivu jinsi yanavyosemwa Uvira, Fizi, Bukavu, Lubumbashi, tumeipeleka kwa wakalimani wa mahakama.

Wanaume hatukuwa na chochote kwa ajili yao. Baba alikuwa na mwaka mmoja nchini, hajawahi kukaa mbele ya mtu akamueleza kwa lugha yake sheria inasema nini na adhabu yake ni nini. Haimfanyi asiwe na kosa, alijua anaumiza. Lakini mzee mmoja wa jumuiya sasa anakaa na wanaume wapya Jumapili baada ya ibada anawaeleza hayo ndani ya mwezi wao wa kwanza, na wengi wanasikiliza.

Na kijana. Hatukumpangia mtu wa kuongea naye mpaka miezi miwili ilipopita, mshauri wa shule ndiye alituuliza kuna nini nyumbani. Alikuwa ameshajihukumu mara mbili, kwamba alimsaliti mama kwa kudanganya na kamsaliti baba kwa kushindwa kudanganya vizuri. Mpaka naandika hii anakataa kutafsiri kitu chochote nyumbani, hata barua ya shule yake mwenyewe, na Mama hamlazimishi. Barua anazikusanya kwenye mfuko anazileta Jumamosi, tunazisoma pamoja baada ya chai.